Karafuu katika Jina la Ben Kingsley

Maneno haya niliyasema Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya wapenzi wa sinema, kabla ya kuonyeshwa filamu ya Gandhi. Nimeyaacha kama yalivyotoka, ila mizaha miwili ambayo haikumchekesha mtu nimeitoa.

Assalamu alaykum, na habari za jioni. Mlio mbele naomba mkunje miguu kidogo, mzee wetu apite. Ahsanteni. Karibu mzee, kaa hapo penye feni.

Filamu ya leo ni ndefu, saa 3 na dakika 11, na kijana wa mashine keshanikazia macho hata sijaanza. Nitajitahidi.

Nimekuja na karafuu mkononi. Nne hizi hapa. Nimezichota kwenye kopo la jikoni kwetu kabla ya kutoka, mke wangu akaniuliza naenda sinema au naenda kupika pilau. Zipitisheni. Kila mtu anuse, ampe mwenzake. Waliolelewa Pemba hawana haja ya kuelezwa: inachumwa ingali fumba, inachambuliwa makonyo mpaka viganja vinageuka rangi, inaanikwa juu ya majamvi, na wingu likitanda nyumba nzima inakimbilia uani, mkubwa na mdogo.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja hapa kwetu aliyetajirika kwa hicho mnachokinusa, hata watu wakampachika jina: Mfalme wa Karafuu. Alikuwa Khoja wa Kiismailia, yaani Mwislamu wa asili ya Kihindi, kwao Gujarat, India, akahamia Unguja kwa biashara ya viungo, ikamkubali. Mwanawe, Rahimtulla Harji Bhanji, alizaliwa Kenya, akakulia hapa mpaka umri wa miaka 14, kisha akaenda Uingereza. Huko akawa daktari, akamwoa Anna Lyna Mary Goodman, mwigizaji na mwanamitindo wa Kiingereza. Tarehe 31 Desemba 1943, katika kijiji cha Snainton huko Yorkshire, walipata mtoto wa kiume wakamwita Krishna Pandit Bhanji.

Nasikia minong'ono. Mtoto wa Khoja kuitwa Krishna, jina la mungu wa Wahindu? Makhoja na majina ya Kihindi wana historia ndefu, na hiyo ni hotuba ya siku nyingine. La leo ni kwamba mtoto huyo nyote mnamjua, ila kwa jina lingine. Ndiye Ben Kingsley, mwigizaji mtakayemwona leo akicheza Gandhi.

Sasa, kabla hatujaanza ile tabia yetu ya kudai kila aliyefanikiwa ni wa kwetu, niseme wazi: huyu si wa kwetu. Ni Mwingereza wa kaskazini. Amekulia Pendlebury, karibu na Manchester, mji wa viwanda vya nguo na makaa ya mawe, amesoma Manchester Grammar School, na Kiingereza ndiyo lugha ya nyumbani kwake. Wanaomwita Mzanzibari wanamwonea, na wanajionea wenyewe. Lakini kuna kitu chetu anatembea nacho, na ndicho kilichonileta hapa mbele.

Utotoni mwake kuna kisa anachopenda kusimulia. Alikwenda kutazama filamu ya mtoto yatima wa Kiitalia, Peppino, mwenye punda mgonjwa. Walipotoka ukumbini, mwenye sinema akamwona, akamnyanyua juu mbele ya watu akitangaza kwamba Peppino huyu hapa. Mtoto mweusi wa nywele, mweusi wa macho, katikati ya Waingereza weupe. Bila shaka alifanana na Mwitaliano kuliko alivyofanana na jirani yake. Wengi wetu tungeliona hilo ni jambo la kuudhi. Yeye anasema siku ile ndiyo aliyotaka kuwa mwigizaji. Mimi kisa hiki nakipenda kwa sababu nyingine: mara ya kwanza kabisa watu kumtazama, walimwona kuwa ni mtu mwingine, naye akaridhika.

Baadaye akaigiza na kikundi cha ridhaa, Salford Players. Siku moja alikwenda Stratford, alikozaliwa Shakespeare, akamwona Ian Holm akicheza Richard wa Tatu. Anasimulia kwamba alizimia, hasa kuzimia, akaanguka. Aliyewahi kuona taarabu nzuri ikimwangusha mtu hatashangaa.

Mwaka 1966 na 1967 alitokea katika Coronation Street, tamthilia ya televisheni iliyoanza 1960 na hadi leo haijaisha, akicheza kijana anayeitwa Ron Jenkins. Kwa Waingereza ile tamthilia ni kama maji ya kunywa. Hakudumu sana. Moyo wake ulikuwa jukwaani.

Hapo ndipo penye kisa cha jina, na naomba mnisikilize vizuri.

Alikwenda kwenye usaili wa waigizaji kwa jina lake, Krishna Bhanji. Akaigiza. Wakamsifu, wakasema ni vizuri sana, tatizo hawajui wamweke wapi. Akabadilisha jina, akajaribu tena, safari hii akaulizwa anaweza kuanza lini. Ameyasimulia haya mwenyewe hadharani, wala hayasimulii kwa hasira.

Mimi niliyasikia nikacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Miaka hiyo nikiwa Uingereza natafuta chumba cha kupanga. Napiga simu: chumba kipo, njoo leo. Naulizwa jina. Nataja jina, herufi kwa herufi kwa sababu halikamatiki, na ghafla chumba kimeshachukuliwa, tena dakika ile ile. Rafiki yangu mmoja akawa anatumia jina la timu ya mpira aipendayo. Alipata chumba chenye dirisha.

Kwa hiyo sitamlaumu mtu kwa kubadilisha jina. Ila tazameni alichokichagua. Hakufungua kitabu cha simu akachukua jina la kwanza la Kizungu. Ben alilitoa kwa baba yake, ndivyo wenzake wa masomo walivyokuwa wakimwita. Na Kingsley alilitoa kwa babu. Mfalme wa Karafuu, kwa Kiingereza King Clove. Kile kipande cha ufalme kikabaki mbele, Waingereza wakisikia wanadhani ni jina la kijiji fulani chenye kanisa na ng'ombe. Karafuu ikafichwa. Lakini imo. Baba daktari aliunga mkono, na kwa nini asiunge, ilhali jina jipya ni la babaake mzazi?

Ndiyo maana nasema hakulikimbia jina la ukoo. Alichukua jina la soko, lile tunalompa mtu wa mtaa kwa mapenzi au kwa kumtania, akalivisha koti.

Mwaka 1967 akaingia Royal Shakespeare Company, kampuni kubwa ya michezo ya jukwaani ya Uingereza. Kwa miaka karibu 15 kazi yake kubwa ilikuwa ya jukwaani. Alikuwemo katika tamthilia mashuhuri ya Peter Brook ya mwaka 1970, Ndoto ya Usiku wa Kiangazi, ile ya ukuta mweupe na bembea. Alicheza Hamlet mwaka 1975. Mwaka 1980 alikuwa mwalimu katili Squeers katika Nicholas Nickleby. Haya nayapita mbio kwa sababu hatukuyaona, na mchezo wa jukwaani hausimuliki. Umekwisha na usiku wake. Ila msije mkadhani mtu aliokotwa barabarani akapewa Gandhi. Aliyepewa Gandhi alikuwa fundi.

Richard Attenborough, muongozaji, alihangaika na filamu hii miaka 20. Mhindi mmoja aliyekuwa akiishi London, Motilal Kothari, alimwendea mwaka 1962 na wazo hilo, na mwaka 1982 ndipo filamu ikatoka. Katikati pale fedha zilikuja zikaondoka, na waigizaji wakubwa walifikiriwa mmoja baada ya mwingine. Ni Michael, mwana wa Attenborough, naye mtu wa tamthilia, aliyemwambia baba yake akamtazame Kingsley.

Hebu fikirini kichekesho hicho. Mtu kafungiwa mlango kwa jina la Kihindi. Kalivua. Miaka inapita, anatafutwa mtu wa kucheza Mhindi mkubwa kuliko wote wa karne, na anayefaa ni yeye, tena familia yake na ya Gandhi asili zote ni Gujarat. Wale wasiojua wamweke wapi, sijui walijisikiaje usiku wa tuzo.

Alijikondesha, akaacha nyama, akajifunza yoga na kusokota uzi wa pamba kwa charkha, lile gurudumu la mkono la Kihindi. Kusokota si mchezo. Mkono mmoja unazungusha gurudumu, mwingine unavuta pamba taratibu, ukiuharakisha uzi unakatika. Na huku anatakiwa azungumze siasa kana kwamba mikono ile si yake. Katika filamu mtaona. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza, kwenye kanda ya video iliyokuwa imechoka, picha inaruka kama samaki kwenye ndoo, sikuona lolote ila umati na bendera. Mara ya pili ndipo nilipoanza kutazama mikono.

Kuna tukio moja nataka mlisubiri. Afrika Kusini, mapema katika filamu. Wahindi wametakiwa kubeba vitambulisho, na Gandhi, kijana mwanasheria aliyevaa suti, anavichoma mbele ya polisi. Anatia kimoja motoni. Askari anampiga rungu. Anaanguka. Mkono unatambaa chini unatafuta kadi, unaipata, unaisukuma motoni. Anapigwa tena. Mkono unatetemeka sasa, hauna nguvu, lakini bado unakwenda. Hakuna hotuba pale, wala uso wa kishujaa. Anaogopa, na Kingsley haufichi ule woga.

Wenzetu wa Kenya watalihisi tukio hilo mifupani, maana babu zao walivaa kipande shingoni, kitambulisho cha mkoloni, ndani ya kikopo cha bati. Wenyewe walikiita hivyo hivyo, kipande. Kwa haki ya historia niongeze kwamba mambo hayakuwa kama filamu inavyoonyesha. Uchomaji wenyewe ulikuwa Agosti 1908, kwenye uwanja wa Msikiti wa Hamidia, Johannesburg, na vyeti zaidi ya 2,000 viliingia katika sufuria moja kubwa. Filamu imelifanya jambo la umma kuwa la mtu mmoja. Na wenye nchi, Waafrika wa Afrika Kusini, humo ndani hawana la kusema, wamepangwa nyuma kama pazia. Hilo linanikera kila ninapoitazama, na msiponiona nikipiga makofi sehemu hizo mjue kwa nini.

Lile tukio la mazishi ya Gandhi sitalieleza sana, mtaliona lenyewe. Lilipigwa tarehe 31 Januari 1981, miaka 33 kamili tangu mazishi yenyewe, na watu zaidi ya 300,000 walijitokeza, wengi wao wa kujitolea. Kwenye filamu halifiki hata dakika 3.

Filamu iliteuliwa kuwania Oscar 11 ikachukua 8. Kingsley, akiwa na miaka 39, jina lake geni kwa Wamarekani, alikuwa akishindana na Dustin Hoffman, Jack Lemmon, Paul Newman na Peter O'Toole, akawashinda wote wanne. Mwaka 1984 India ikamtunuku Padma Shri, nishani ya heshima ya taifa.

Wengi wangeishia hapo. Ukishacheza mtakatifu mmoja, dunia inataka uvae shuka lile lile mpaka kufa. Naye kwa kweli alicheza filamu nyingi baadaye ambazo, kwa heshima zote, nisingempeleka hata mgeni ninayetaka aondoke. Ana filamu za mazimwi wanyonya damu humo, na vichekesho visivyochekesha. Mwigizaji naye ana kodi ya nyumba.

Lakini tazameni wapi alikowekwa, yeye ambaye haikujulikana awekwe wapi. Alikuwa Meyer Lansky, mhalifu wa Kiyahudi wa Marekani, katika Bugsy mwaka 1991. Alikuwa Itzhak Stern, mhasibu Myahudi, katika Schindler's List mwaka 1993, akiwa na miwani, sauti ya chini na mabega yaliyojikunja. Katika filamu hiyo, ya wakati wa Wanazi, mwajiri wake Schindler anamkaribisha kinywaji mara kadhaa, naye anakataa kwa adabu. Karibu na mwisho, wote wawili wakijua kifo kiko mlangoni, anakubali kunywa. Machozi yanakuwepo machoni, lakini hayaruhusiwi kushuka. Nimewahi kuwaona wazee wetu msibani wakiwa hivyo.

Kisha mwaka 2000 akafanya kituko. Katika Sexy Beast alicheza Don Logan, jambazi wa London anayekwenda Spain kumtoa mwenzake aliyestaafu uhalifu. Hii msiitazame na watoto wala na wakwe. Kila sentensi ina tusi, na nyingine hazina kitu kingine ila tusi. Kichwa kile kile chenye upara, mwili ule ule mwembamba, na sasa unaogopa kukaa naye chumba kimoja. Anatembea uwanja wa ndege kashupaa kama aliyemeza mpini wa jembe. Anasimama mbele ya kioo anagombana na nafsi yake. Yule mstaafu mwenye nyumba ana kifua mara mbili yake, na ndiye anayetetemeka. Akateuliwa kuwania Oscar kwa jukumu hilo.

Nikiambiwa nichague moja nje ya Gandhi, hata hivyo, nitamchukua Kanali Behrani wa House of Sand and Fog, ya mwaka 2003. Ni ofisa wa Iran aliyekimbilia Marekani baada ya mapinduzi. Mchana anafanya kibarua cha barabarani, vumbi na jua, pamoja na watu wasiojua kwamba aliwahi kupigiwa saluti. Jioni anaingia choo cha hoteli, ananawa, anajipangusa shingo, anavaa suti na tai, ndipo anarudi kwa mke wake. Kila siku. Anavyofunga tai ile, kwa makini, kama mtu anayefunga kidonda! Nina jamaa zangu Muscat, nina jamaa zangu Toronto na Leicester. Nawajua walioondoka hapa na vyeo vyao, wakawa makuli mchana, na picha za harusi zikitumwa nyumbani wote wamo ndani ya suti. Sikutegemea kukutana nao katika filamu ya Wairani California. Mtu aliyewahi kulivua jina mlangoni anajua kitu kuhusu choo kile cha hoteli. Hayo ni mawazo yangu mimi, msije mkaenda kumwambia.

Vijana mnamjua kwa jingine, najua. Katika Iron Man 3, mwaka 2013, anatisha ulimwengu mzima kama gaidi Mandarin, kumbe nyuma ya pazia ni Trevor Slattery, mwigizaji mlevi wa Kiingereza aliyekodiwa kutisha watu. Mashabiki wa vitabu vya katuni walinuna. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Ukiwa umefanya kazi ya kuwa watu wengine tangu miaka ya 1960, ni haki yako siku moja kumcheza mwigizaji anayelipwa kwa sura yake ya kigeni na hajui hata anamtisha nani.

Mwaka 2002 jina lake lilikuwa katika orodha ya heshima ya mwaka mpya, akawa Sir. Inasemwa cheo hicho amekipenda sana, na kuna bango la filamu ya 2006 lililokiandika kabisa mbele ya jina. Waingereza wakamsema: anajikweza. Sawa, pengine anajikweza. Lakini nadhani babu yake angelielewa. Hapa kwetu mtu akishaitwa Mfalme sokoni, huendi kumwita Bwana Fulani.

Karafuu zangu ziko wapi? Nilitoa nne, naziona mbili. Hizo nyingine aliye nazo abaki nazo, bei ya mwaka huu tutaizungumza nje.

Filamu ina mapumziko katikati, kahawa na kashata zitakuwa pale barazani, na wenye kuswali watapata nafasi. Mkirudi mkae mlipokuwa mmekaa, tafadhali, safari iliyopita palitokea ugomvi wa viti. Filamu inaanzia mwisho, Delhi, Januari 1948, na risasi, ndipo inarudi Afrika Kusini mwaka 1893, kijana kavaa suti yuko ndani ya treni ya usiku na tiketi ya daraja la kwanza mfukoni. Anaamini kabisa kwamba anajulikana mahali pake ni wapi.

Haya, kijana. Zima taa.